Nimemtoa Mama Ndani ya Eda

Itetemia, Tabora
Alhamisi, baada ya alasiri

Kwa kaka yangu Mustafa,
Ujiji.

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima wewe na wifi Najiat na wanangu wote, ziwa likiwa limetulia na mawese yanapata wanunuzi. Yule mdogo ameshaota meno? Mara ya mwisho wifi aliniambia ufizi unamnyima usingizi. Huku sisi tunamshukuru Mungu. Kipupwe cha mwaka huu ni kikali, vumbi linaingia mpaka kwenye pipa la maji, na asali mpya imejaa sokoni. Shangazi Mwanamkuu anakusalimu, ingawa najua mmeshasalimiana sana kwenye simu na kwamba salamu zenyewe zilikuwa ni kunishtaki mimi.

Nimekupigia mara kumi na moja, kaka. Mara kumi na moja umekata. Sawa, wewe ni mkubwa, kata. Lakini karatasi haikatwi, ndiyo maana nimempa Leodgar wa reli aje nayo mkononi, na nimemwambia asiondoke dukani kwako mpaka akuone umeifungua. Unamjua Leodgar alivyo king'ang'anizi. Mpe kiti tu.

Mama yu hai. Nimeanza na hilo ili moyo wako utulie. Yuko wodini, kitanda namba tisa, leo siku ya kumi na tatu. Na aliyokuambia Shangazi ni kweli tupu: mimi Swaumu, mdogo wako, nilimtoa Mama ndani ya eda wiki ya tano tangu tumzike Baba, wakati wewe ulishasema asivuke kizingiti. Hilo sikuombi radhi, na hata ukinikasirikia mpaka Idi ijayo sitaliombea radhi. Lipo jingine ninaloomba, nalo ni zito kuliko hili. Nakusihi usome mpaka mwisho.

Kikohozi kilimwanza Mama siku ya Jumatatu. Alikaa kwenye mkeka wake chumbani, na nguo zake nyeupe, anakohoa huku amejiziba mdomo kwa mtandio. Shangazi akasema ni moshi wa Baba. Kwamba miaka arobaini Baba analehemu masanduku na vibatari uani, na Mama anavuta, lazima siku moja moshi udai chake. Majirani waliokuja kumpa pole wakasema labda ni kifua kikuu. Kijana wa duka la dawa, bila kumwona mgonjwa, akatuma vidonge vya rangi mbili. Kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa, kaka, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameyaona mapafu yenyewe.

Jumatano nilikuja na kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni, kinachosema damu ina oksijeni kiasi gani. Shangazi alipokiona akauliza kwa nini namvalisha wifi yake kibanio cha nguo. Tukacheka, hata Mama akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kisichokoma. Mtu mzima anatakiwa awe tisini na tano kwenda juu. Mama alikuwa themanini na tisa. Nikasema twende hospitali sasa hivi.

Hapo ndipo ukuta uliposimama. Shangazi akasema mwanamke mwenye eda hatoki, miezi minne na siku kumi, na kwamba hajapata kuona katika ukoo wetu mjane aliyekwenda kukaa mbele ya wanaume wasiomhusu kabla kaburi la mumewe halijakauka. Nikatoka mbio mpaka kwa Maalim Luhende. Maalim alinisikiliza akiwa anatia udhu, akaacha maji yanamwagika. Akaniuliza kwa ukali ni nani aliyetufundisha kwamba eda ni kaburi. Akasema mgonjwa hutoka, na dharura ina hukumu yake, na kama tunataka ataandika. Nikarudi na maneno yake. Shangazi akasema Maalim ni Maalim wa msikiti, lakini mwenye nyumba hii sasa ni Mustafa.

Tukakupigia. Unakumbuka ulivyosema. Ulisema Mama asitoke, dawa aletewe ndani, na hutaki kusikia tena habari ya hospitali mpaka urudi kutoka ng'ambo ya ziwa. Ukasema pia kwamba kila anayewekewa gesi harudi. Kaka, hilo la gesi nalisikia kila siku kazini. Watu hawafi kwa sababu ya oksijeni. Wanafika kwetu wamechelewa, tunawawekea oksijeni, wanakufa, na msiba unamlaumu aliyefika wa mwisho. Nilitaka kukueleza hivyo, lakini ulikuwa unapanda boti na mtandao ukakata, au ulikata wewe, sijui.

Nikatii siku tatu. Nakiri, nilitii. Kila asubuhi nikampima kabla ya kwenda kazini, kila jioni nikampima nikirudi. Themanini na nane. Themanini na sita. Jumamosi themanini na tatu, na kucha zimeanza kuwa na rangi ya zambarau. Nikamwambia Shangazi nakwenda kuita bajaji. Akanisomea kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamjibu guu langu litaungwa, mapafu ya Mama hayana wa kuyaunga. Sijapata kumjibu Shangazi hivyo tangu nizaliwe, lakini nilikwenda nikaita bajaji.

Na ujue Shangazi ni Shangazi. Alipoona nimedhamiria, alivaa baibui lake akapanda na yeye. Alishika khanga mbili, moja kila upande wa bajaji, zikawa pazia, na dereva akaambiwa asiangalie nyuma hata tukigongwa. Watu wa sokoni walidhani tumebeba bibi harusi. Tulipofika hospitali akasema hakuna mwanamume atakayeingia chumba cha mashine. Nikamwambia hataingia, kwa sababu mwenye mashine ni mimi.

Nilimlaza Mama kwenye meza ya CT scan kwa mikono yangu. Nilimtoa pini za mtandio moja moja na kidani alichopewa na Baba, ambacho hata kwenye eda alikificha ndani ya nguo, maana chuma na dhahabu vinaharibu picha. Kile kidani hakutaka kukiachia, nikampa Shangazi amshikie mahali anapomwona. Kisha nikamweleza kwamba mashine itazunguka, itapiga kelele, haiumi, ila lazima abane pumzi asitikisike, la sivyo picha inakuwa na mawimbi. Nikamwambia abane kama alivyokuwa akitufundisha chuoni kuivuta aya ndefu bila kuikata. Unakumbuka pumzi za Mama? Alikuwa anafika mwisho wa aya sisi watoto tumeshahema mara tatu. Nikaenda nyuma ya kioo nikahesabu. Alifika nne akaachia. Nikamwomba tena. Alifika tano. Nikafunga macho kidogo, nikapiga picha hapo hapo kwenye tano.

Kaka, mapafu mazima kwenye picha ile ni meusi, kwa sababu yamejaa hewa. Ya Mama yalikuwa na ukungu mweupe pande zote mbili, chini na pembezoni, kama kioo cha dirisha ulichokipulizia pumzi asubuhi ya baridi. Kifua kikuu hupenda kukaa juu na kutoboa matundu. Moshi wa miaka mingi nao una alama zake. Ule haukuwa hivyo. Nilijua kabla Dk. Masolwa, bingwa wetu wa kusoma picha, hajavuta kiti. Aliangalia kipande kwa kipande, kisha akasema ni homa ya mapafu ya virusi, na karibu nusu ya mapafu imeshashikwa. Akaeleza kwamba picha haimtaji kirusi kwa jina, jina litatoka maabara baada ya siku kadhaa, lakini mapafu hayawezi kungoja jina. Akaandika alazwe papo hapo.

Yule Msukuma ana utani usioisha. Alikwenda akamwamkia Mama kwa mbali, mwangaluka, akamwambia kwamba Wanyamwezi ni wabishi mpaka mapafu yao. Mama akatabasamu chini ya barakoa ya oksijeni. Shangazi akanuna, kisha akaomba kamba, akatundika khanga kuzunguka kitanda namba tisa. Manesi walitaka kuzitoa. Waliposhindana naye saa nzima wakaziacha, na eda ya Mama inaendelea mle mle wodini, nyuma ya khanga.

Amepewa oksijeni, dawa za kupunguza uvimbe wa mapafu, sindano za kuzuia damu isigande, na ameambiwa alale kifudifudi masaa mengi kadiri awezavyo. Siku nne za kwanza sikulala nyumbani. Siku ya tano akafika tisini na moja akiwa na oksijeni kidogo kuliko jana yake. Nikatoka nje nyuma ya jengo la kufulia, nikalia kwa sauti kama mtoto.

Lakini tangu siku ya saba Mama amegoma. Hataki kulala kifudifudi. Uji anaurudisha. Barakoa anaivuta pembeni, ukiirudisha anaivuta tena. Hapigi kelele, unamjua, anageuza uso tu upande wa ukutani. Dk. Masolwa akanichukua pembeni akasema mapafu yanaweza kupona, ila mwenyewe lazima asaidie, na kwamba akiendelea hivi wiki moja zaidi hakuna dawa itakayomrudisha. Nikamwuliza Mama anataka nini. Akasema anachoka. Shangazi akamwuliza kwa upole wake, maana anao akitaka, na Mama akamwambia kwamba mwanamke aliyemuua mumewe hana haki ya kuwasumbua watu wamponye.

Neno hilo ni lako, Mustafa. Siku ya mazishi, uani kwetu, wanawake wamejaa mikekani, wewe ulikuja mlangoni macho mekundu ukasema Mama amemfukiza Baba majani mpaka akafa badala ya kumpeleka hospitali. Ulisema ukiwa na uchungu, na kila mtu alijua ni uchungu, maana hospitali yenyewe wewe huiamini. Mama hakujibu. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, goti langu limegusana na goti lake, na mimi pia sikujibu. Niliinama nikajifanya natafuta kandambili.

Sasa nisikilize. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nimeficha vya kutosha.

Baba alikuja hospitali. Hujui hilo, na mimi nilidhani hakuna anayelijua. Alhamisi ile, siku tatu kabla hajafariki, alikuja mwenyewe kwa baiskeli yake kutoka sokoni, na masizi yakiwa bado mikononi. Alikuwa anakohoa siku ya nne. Daktari wa zamu alimpima akamkuta tisini na moja, akamwandikia eksirei na CT scan, zote mbili, akamleta kwangu. Eksirei nilimpiga. Ilionekana safi. Na mimi najua, kaka, nimefundishwa na nimefundisha wengine, kwamba homa ya virusi siku za mwanzo hujificha kwenye eksirei na huonekana kwenye CT scan. Ndiyo maana daktari aliandika mbili.

Lakini nje kulikuwa na foleni ndefu. Lori lilikuwa limepinduka njia ya Nzega, watu wa Puge wamelala kwenye mabenchi wanangoja kupigwa picha za vichwa, na ndugu zao wamesimama wananitazama. Na wiki moja kabla, mkuu wa idara alikuwa ameniita akanigombeza mbele ya wenzangu kwa kumpitisha jirani yetu mbele ya foleni. Nikaona aibu. Nikaona leo nikimwingiza baba yangu, watasema Swaumu amegeuza mashine kuwa ya ukoo. Wala sikwenda kumwuliza daktari nani aanze, na kazi ya kuuliza ilikuwa yangu. Nikaikunja ile karatasi ya CT scan nikaitia mfukoni mwa koti. Nikamwambia Baba picha ni safi, aende nyumbani, aje Jumatatu alfajiri nitamfanya wa kwanza. Akacheka, akasema binti yake siku hizi ni bosi, na bosi habishiwi. Akapanda baiskeli.

Jumapili asubuhi alikufa. Karatasi ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo Mama hakumnyima Baba hospitali. Alimfukiza kwa sababu aliambiwa na mumewe kwamba mapafu ni safi, na mumewe aliambiwa na mimi.

Jumanne wiki hii, baada ya Mama kusema lile neno, nilimtoa Shangazi nje ya khanga zake, nikapiga magoti kando ya kitanda namba tisa nikamweleza Mama kila kitu kama nilivyokueleza wewe. Nilidhani atanilaani. Alinisikiliza, akaivua barakoa taratibu, akasema analijua. Kaka, Mama alikuwa analijua tangu Alhamisi ile ile! Baba alimwambia jioni alipofika. Na Jumamosi, kifua kilipombana, Mama alishavaa baibui, alishamwita Mzee Lugembe aje na pikipiki yake wampeleke. Baba ndiye aliyekataa. Alimwambia kwamba wakienda siku hiyo akakutwa ana hali mbaya, hospitali nzima itasema Swaumu alimrudisha baba yake mlangoni, na kazi ya mtoto itaharibika. Jumatatu si mbali, alisema. Na akamwapisha asiniambie kamwe, kwa sababu nitaishi nalo.

Kwa hiyo uani pale, uliposema neno lako, Mama alikuwa na jibu mdomoni. Angelisema, wewe ungenyamaza na macho yote yangenigeukia mimi. Akalimeza. Amekuwa akilimeza wiki zote hizi mpaka akaanza kuliamini neno lako.

Nilimwambia kwamba kiapo chake nimemfungulia mimi. Alinishika kichwa muda mrefu, akaniombea, na jioni hiyo akanywa uji nusu kikombe. Nusu tu. Kifudifudi bado hataki. Nilipomwuliza tena, akasema mimi ameshanisamehe hata kabla sijaomba, lakini neno la mtoto wa kiume mbele ya watu halifutwi na mtoto wa kike nyuma ya pazia.

Jana nilikwenda kwa mkuu wa idara na ile karatasi iliyokunjwa. Nikaiweka mezani, nikaeleza, nikaandika maelezo na kutia sahihi. Watakavyoamua waamue. Wakinisimamisha nitakaa nyumbani nimpikie Mama, wakiniacha nitaendelea na mashine. Lakini kabla sijatoka ofisini kwake nilimwomba jambo moja na amelikubali: mlangoni kwetu sasa kuna tangazo, kwa herufi kubwa, kwamba anayekohoa na kipimo cha kidole kiko chini ya tisini na mbili asirudishwe nyumbani kabla daktari hajaamua, foleni iwe na urefu wowote, awe mgeni au awe mzazi wa mhudumu. Leo asubuhi nimempiga picha mama mmoja wa Ntalikwa kwa tangazo hilo. Eksirei yake ilikuwa safi. CT scan ilikuwa na ukungu. Amelazwa, anaongea, anadai chai.

Sasa ombi langu, kaka. Sikuombi unisamehe leo. Unaweza kunikasirikia miaka, nitakuja Idi nitagonga, usipofungua nitakuja Idi nyingine. Ninachokuomba ni kupanda treni. Babu zetu waliitembea njia hii ya Ujiji kwa miguu na mizigo kichwani, wiki kwa wiki, na wewe treni inakufikisha kwa siku moja umekaa. Shangazi ameshawaita wale wanawake waliokuwa uani siku ya mazishi. Amewaambia Jumapili waje hospitali saa ya kuona wagonjwa, wasimame nje ya khanga. Njoo usimame katikati yao. Lile neno ulilompa Mama halikuwa lake, lilikuwa langu. Litoe kwake wakisikia, unipe mimi wakisikia, kisha uingie nyuma ya pazia umgeuze mama yako kifudifudi kwa mikono yako. Kwako hatakataa.

Nisalimie wifi sana, mwambie asikuzuie, na wanangu wabusu mmoja mmoja. Shangazi anasema ukija ulete dagaa wakavu, hawa wa sokoni kwetu wana mchanga. Mungu akufikishe salama, na akukutanishe na Mama akiwa anapumua.

Ni mimi mdogo wako, binti wa Majidi fundi bati,

Swaumu